Nguvu ya Mrushaji: Sayansi ya Mazoezi ya Misuli kwa Wachezaji wa Besiboli

Besiboli ni mchezo mgeni nchini mwetu. Ulianza kufundishwa katika shule zetu mwaka 2012 kwa juhudi za wapenzi wa mchezo huo kutoka Japani, na mwaka 2018 kiwanja maalumu cha besiboli kilifunguliwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mrushaji hurusha mpira mdogo mgumu. Mpigaji hujaribu kuupiga kwa rungu. Akifaulu, hukimbia kupitia vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia.

Mchezo mgeni unapoingia katika shule ya Dodoma, Mpwapwa, Manyoni au Kondoa, mwalimu wa michezo hukabiliwa na makosa mawili. La kwanza ni kuamini kwamba nguvu za mchezaji ni jambo la kuzaliwa nalo, au kwamba hupatikana tu katika kumbi zenye vyuma na mashine. Hivyo shule isiyo na mashine haina la kufanya. La pili ni kuamini kwamba dawa ya kurusha vizuri ni kurusha tu, asubuhi na jioni, mpaka kiwiko kianze kuuma. Kosa la kwanza hupoteza vipaji. La pili huharibu viungo vya vijana ambao bado wanakua, na kiungo kilichoharibika katika umri wa miaka kumi na mitano kinaweza kumsumbua mtu hata akishika jembe au chaki akiwa mtu mzima.

Katika makala haya tutaeleza mambo matatu: nguvu za mrushaji ni kitu gani kwa lugha ya fizikia, misuli huongezekaje nguvu, na ni mazoezi gani yanayoweza kufanywa kwa usalama katika shule ya kawaida ya nyanda za juu za kati.

Hesabu ya mrusho mmoja

Mpira wa besiboli una tungamo la gramu 145 hivi. Mrushaji hodari wa ligi kuu za Marekani au Japani huurusha kwa mwendokasi wa mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa. Umbali kati yake na kituo cha mpigaji ni mita 18.44, na mpira huufunika kwa muda usiofika nusu sekunde. Nishati mwendo ya mpira huo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendokasi: 0.5 × 0.145 × 40 × 40, sawa na juli 116.

Sasa tumtazame msichana wa Bahi au Kongwa anayeinua ndoo ya maji ya lita 20 kutoka chini hadi kichwani, kimo cha mita 1.5. Kazi anayoifanya ni 20 × 9.8 × 1.5, sawa na juli 294. Kwa hesabu ya nishati peke yake, msichana huyu amemshinda bingwa wa Marekani zaidi ya mara mbili. Je, mbona hatumwiti bingwa?

Jibu limo katika muda. Ndoo huinuliwa kwa sekunde moja na nusu hivi. Kwa hiyo kazi ya juli 294 hufanyika kwa kiwango cha wati 196. Mpira, kwa upande wake, husukumwa na mkono katika njia ya mita 2 tu. Ukianza na mwendokasi wa sifuri na kuishia na mita 40 kwa sekunde, wastani wake ni mita 20 kwa sekunde, na njia ya mita 2 hukwisha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Juli 116 katika muda huo ni wati 1,160, takriban mara sita ya kiwango cha msichana wa ndoo. Tofauti kati ya mbeba maji na mrushaji, basi, si wingi wa nguvu bali ni haraka ya kuitoa. Mtu anaweza kuwa na nguvu nyingi asiweze kuzitoa upesi; lakini hakuna awezaye kutoa upesi nguvu asiyokuwa nayo. Ndiyo maana mazoezi ya mrushaji huwa na hatua mbili: kwanza kujenga nguvu, kisha kujifunza kuitoa kwa haraka.

Mwanafunzi makini ataona jambo jingine. Kani ya wastani inayousukuma mpira huo ni tungamo mara mchapuko, yaani 0.145 × 400, sawa na newtoni 58. Hiyo ni sawa na uzito wa mfuko wa unga wa kilo 6. Hata mtoto huinua kilo 6! Lakini mrushaji hasukumi mpira peke yake. Mkono mzima wa mtu mwenye kilo 60 una tungamo la kilo 3 hivi, karibu mara ishirini ya mpira. Mkono huo nao sharti uchapuliwe, na baada ya mpira kuondoka, sharti usimamishwe. Kazi hii ya kusimamisha haionekani na mtazamaji, lakini ndiyo inayojeruhi wengi, kama tutakavyoona.

Nguvu hutoka ardhini

Wengi hudhani kwamba mrushaji hurusha kwa mkono. La hasha. Mkono ni njia ya mwisho tu ya kupitishia nguvu iliyoanzia miguuni. Mrushaji husukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, mguu wa mbele ukishatua, nyonga huzunguka, kiwiliwili hufuata, kisha bega, kiwiko, na mwisho kifundo cha mkono na vidole. Kila kiungo huanza kwenda pale kilichotangulia kinapopunguza mwendo, nacho hupokea nishati na kuiongezea yake. Ni kama mjeledi wa mkulima anayeswaga maksai: mkono huenda polepole kwenye mpini, lakini ncha ya kamba hupasua hewa kwa mlio.

Anayetwanga mtama kwa mchi na kinu anaijua kanuni hii bila kuisoma. Akitumia mikono peke yake huchoka upesi. Akitumia magoti, nyonga na mgongo pamoja na mikono, hutwanga mpaka pishi liishe. Mpiga jembe hali kadhalika.

Umbo letu lenyewe limeumbika kwa kazi hii. Sokwe ana misuli yenye nguvu kuliko yetu, lakini hurusha kitu kwa mwendokasi wa kilomita 30 hivi kwa saa tu, ambapo mvulana aliyefunzwa hufikia mara tatu yake. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mkono wa binadamu unapovutwa nyuma, kano na ligamenti za bega hutanuka kama mpira wa manati na kuweka nishati, kisha huiachia ghafla. Walikisia kwamba mabadiliko ya viungo yaliyowezesha jambo hilo yalikamilika kwa binadamu wa kale wa miaka milioni mbili iliyopita, aina ya Homo erectus, ambaye mabaki yake yamepatikana pia Olduvai.

Misuli huongezekaje nguvu?

Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi ya Milo wa Crotona, mpiga mieleka aliyembeba ndama kila siku tangu alipozaliwa. Ndama alikua na Milo aliongezeka nguvu, hata akaweza kumbeba akiwa fahali. Ni hadithi tu, na mfugaji yeyote wa Ugogo ataicheka. Hata hivyo ina kanuni ya kweli ndani yake: mzigo ukiongezwa kidogo kidogo, mwili hujirekebisha ili uumudu.

Kanuni hiyo ilipata msingi wa kitabibu miaka ya 1940, wakati daktari wa Kimarekani Thomas DeLorme alipowatibu askari walioumia magoti. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudiarudia. DeLorme aliwapa mizigo mizito na kuiongeza kwa hatua, na askari wakapona upesi zaidi. Mtindo wake wa kuinua mzigo mara kumi, kupumzika, na kurudia tena ungali unatumika duniani kote.

Mabadiliko ya misuli huja kwa hatua mbili. Katika wiki sita hadi nane za mwanzo, nguvu huongezeka sana ingawa misuli haijanenepa. Linalobadilika ni neva: ubongo hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja. Baada ya hapo, nyuzi zenyewe huanza kunenepa, kwa kuwa protini zinazoujenga msuli hutengenezwa kwa wingi kuliko zinavyovunjwa. Ujenzi huo hufanyika wakati wa kupumzika, si wakati wa zoezi. Kwa sababu hiyo mazoezi ya nguvu hufanywa mara mbili au tatu kwa wiki, na kundi moja la misuli hupewa kama saa 48 kabla ya kusumbuliwa tena. Wasichana hawanenepi misuli kama wavulana, kwa sababu ya tofauti ya homoni; lakini nguvu zao huongezeka kwa kiasi kinachokaribiana na cha wavulana kwa mujibu wa pale kila mmoja alipoanzia.

Mifupa nayo hujibu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 juu ya wachezaji wa besiboli ulionyesha kwamba mfupa wa mkono wa juu, upande wa kurushia, una uwezo wa kuhimili msokoto unaokaribia mara mbili ya upande wa pili. Sehemu ya faida hiyo ilibaki hata uzeeni, miaka mingi baada ya kuacha mchezo. Mazoezi ya ujanani ni akiba ya mifupa.

Imani mbili zilizopitwa na wakati

Kwa miaka mingi makocha wa besiboli huko Marekani waliwakataza wachezaji kuinua vyuma. Walisema misuli mikubwa humfanya mtu awe mkakamavu na mzito. Uchunguzi haukuunga mkono imani hiyo: mchezaji anayejenga nguvu huku akinyoosha viungo na kuendelea kurusha hapotezi wepesi wake.

Imani ya pili, ambayo tunaisikia hata hapa kwetu, ni kwamba mtoto akiinua uzito hatarefuka. Vyama vya madaktari wa watoto sasa vinakubali kwamba mazoezi ya nguvu hayadumazi kimo, iwapo yanasimamiwa, mbinu ni sahihi, na mzigo ni wa kiasi. Hatari ipo pale vijana wanaposhindana kuinua uzito mkubwa wasioumudu bila mwalimu kuwapo.

Kwa upande wa mbio ndefu, tahadhari inahitajika. Nchi yetu ina sifa kubwa katika riadha. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Pengine kwa sababu hiyo walimu wengi huona kukimbia kilomita nyingi kuwa zoezi la kila mchezo. Mbio ndefu hujenga moyo na mapafu, lakini mrusho mmoja hutumia akiba ya nishati iliyomo ndani ya msuli wenyewe, ambayo hukwisha kwa sekunde chache. Mwili hujirekebisha kwa kazi uliyopewa, si kwa kazi nyingine. Mrushaji anahitaji mbio fupi za mita 20 au 30, za kasi, zenye mapumziko ya kutosha katikati. Tusisahau kwamba tumepata kuwa na warushaji pia: Zakayo Malekwa aliiwakilisha Tanzania katika kurusha mkuki kwenye Michezo ya Olimpiki mara tatu mfululizo, kuanzia mwaka 1980. Naye Mkenya Julius Yego, aliyejifunza mbinu nyingi kwa kutazama filamu za warushaji kwenye intaneti, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2015 kwa mrusho wa mita 92.72.

Bega na kiwiko

Mrushaji mahiri anapourusha mpira, mkono wake wa juu huzunguka ndani ya bega kwa kasi inayofikia nyuzi 7,000 kwa sekunde. Lau mzunguko huo ungeendelea kwa sekunde nzima, mkono ungezunguka karibu mara ishirini. Mpira ukishaondoka, misuli minne midogo inayokizunguka kiungo cha bega, pamoja na misuli ya nyuma ya bega na ya mgongo, hulazimika kuusimamisha mkono kwa muda mfupi kuliko ule uliotumika kuuchapua. Mchezaji mwenye kifua kipana na mgongo dhaifu ni kama lori lenye injini kubwa na breki mbovu kwenye mteremko.

Kiwiko hupata shida ya namna nyingine. Upande wake wa ndani kuna ligamenti, yaani utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa, ambao huvutwa kwa nguvu katika kila mrusho. Mwaka 1974 ligamenti hiyo ilikatika katika mkono wa Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers. Daktari Frank Jobe aliijenga upya kwa kutumia kano aliyoitoa katika mkono wake mwingine. Mchezaji huyo alirudi uwanjani mwaka 1976 na kucheza hadi mwaka 1989. Upasuaji wa namna hiyo si jambo la kutegemewa na mwanafunzi wa sekondari. Isitoshe, kijana anayekua ana gegedu laini za ukuaji karibu na ncha za mifupa yake, nazo huumia kabla hata ya ligamenti.

Kwa hiyo chama cha besiboli ya watoto cha Marekani, Little League, kimeweka ukomo: mrushaji wa umri wa miaka 13 hadi 16 hapaswi kuzidisha mirusho 95 kwa siku, na akirusha mingi hupumzika siku nne kamili. Mwalimu anaweza kuifuata kanuni hiyo kwa kalamu na karatasi tu. Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili baada ya zoezi ni ya kawaida. Maumivu ndani ya kiungo, hasa upande wa ndani wa kiwiko au juu ya bega, ni amri ya kuacha kurusha na kumwona mganga.

Mazoezi kwa vifaa vya nyumbani

Uzito ni uzito, uwe wa chuma au wa mchanga. Dumu la lita 5 likijazwa mchanga mkavu hufikia kilo 8 hivi. Chupa ya nusu lita yenye maji ni nusu kilo. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukikatwa, hutoa ukinzani mzuri kwa misuli midogo ya bega. Mpira wa miguu uliochakaa, ukijazwa mchanga na vitambaa na kushonwa, hufaa kwa mazoezi ya kurusha kwa kiwiliwili. Kwa siku mbili au tatu za wiki, baada ya kupasha mwili moto kwa dakika kumi, fuata utaratibu huu:

(a) Kuchuchumaa na kusimama, dumu likiwa limekumbatiwa kifuani: mara 10.

(b) Kupiga hatua ndefu mbele na kushusha goti la nyuma karibu na ardhi: mara 8 kila mguu.

(c) Pushapu: mara 8 hadi 12.

(d) Kuinama mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta dumu kuelekea tumboni: mara 10 kila mkono. Zoezi hili na linalofuata ndizo breki za bega, wala lisirukwe.

(e) Kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni na kukunjwa kwa pembe mraba, kuvuta mpira wa baiskeli kuelekea nje: mara 15 kila mkono, polepole.

(f) Kulala kifudifudi na kujiinua juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa kama ubao: sekunde 20 hadi 40.

Rudia mzunguko mzima mara mbili, na baada ya wiki tatu, mara tatu. Mchezaji akiweza kuzidisha mara mbili juu ya idadi iliyowekwa, katika siku mbili mfululizo za mazoezi, ongeza mzigo kwa sehemu moja ya kumi tu. Baada ya wiki nane za kujenga nguvu, ongeza mazoezi ya haraka: kuruka juu ya kamba, mbio fupi, na kuurusha ule mpira wa mchanga ukutani kwa kuzungusha nyonga.

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni ng'ambo, alipata kuuona ukumbi wa mazoezi wa chuo kimoja uliojaa mashine za kila namna. Kilichokuwa na thamani kuliko mashine zote kilikuwa daftari la kila mchezaji, lililoandikwa tarehe, mzigo na idadi. Daftari hata sisi tunalo.

Chakula, maji na mahali petu

Misuli haijengwi kwa hewa. Mwanamichezo anahitaji protini kati ya gramu 1.2 na 1.7 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mwenye kilo 55 huhitaji gramu 66 hadi 94. Gramu 100 za kunde kavu au karanga zina gramu 25 hivi. Ugali wa mtama au uwele pamoja na kunde, karanga, maziwa na mlenda ni chakula cha kutosha kabisa, ikiwa kipo. Katika mikoa yetu mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi ya kabla ya mavuno mara nyingi ni ya upungufu. Mwalimu mwenye busara hapangi mazoezi mazito wakati huo. Mwili wenye njaa hula misuli yake wenyewe, na zoezi huongeza hasara. Vilevile mwanafunzi aliyechota maji kilomita kadhaa alfajiri, au aliyelima mchana, amekwisha fanya zoezi, na lihesabiwe.

Dodoma ipo katika mwinuko wa mita 1,100 hivi, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Mpira hupunguziwa kasi kidogo zaidi pwani kuliko kwetu, lakini ule unaorushwa kwa kuzungushwa ili upinde njiani hupinda kidogo zaidi huko kuliko hapa. Timu inayosafiri na ijue hivyo.

Jaribio la darasani

Mwendokasi wa mrusho unaweza kupimwa bila saa. Mwanafunzi asimame mahali tambarare na arushe mpira sawasawa na ardhi, usipande wala usishuke, kutoka kimo cha mita 1.6. Mpira huanguka kwa muda uleule ambao ungeanguka kama ungeachiliwa tu: kipeuo cha pili cha 2 × 1.6 ÷ 9.8, yaani sekunde 0.57. Pima umbali mpaka pale mpira ulipogusa vumbi, kisha gawanya kwa 0.57. Ukianguka mita 12, mwendokasi ni mita 21 kwa sekunde, sawa na kilomita 76 kwa saa. Chukua wastani wa mirusho mitano, uandike daftarini, na urudie kila baada ya wiki sita.

Darasa likifanya hivyo kwa muhula mmoja, wanafunzi watakuwa wamejifunza mwendo, kani na nishati kwa miili yao wenyewe, na mwalimu atajua kwa tarakimu, si kwa kukisia, kama mazoezi yanafaa. Palipo na tarakimu zinazopanda na viwiko visivyouma, kazi inakwenda sawa. Tarakimu zikipanda huku mtoto akishika kiwiko, asimamishwe siku hiyohiyo.